Kufundisha watoto kupima urefu mdogo: milimita, sentimita na mita, hatua kwa hatua

Mwulize mtoto wa darasa la nne, "Sentimita 6 ni milimita ngapi?" Atajibu 60 bila kufikiri, kwa sababu ameliimba jedwali mpaka likamkaa kichwani. Sasa mpe rula na penseli iliyotumika nusu, umwambie aipime kwa milimita. Hapo ndipo mambo huharibika: mmoja ataanzia kwenye namba 1, mwingine atahesabu vijistari kimoja kimoja mpaka apotee, na wa tatu ataandika "sm 134" kwa kitu kinachoenea mfukoni.

Shida ni kwamba tunawafundisha kubadili kipimo kabla hawajapima. Mtoto ambaye hajawahi kupima kitu kilekile kwa milimita, kisha kwa sentimita, hana cha kubadili. Anazidisha na kugawanya namba zisizo na kitu ndani yake. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mkono na jicho, na kanuni zinakuja baadaye. Nimemlenga mwalimu wa darasa la tatu hadi la tano anayefundisha kwa Kiswahili, lakini mzazi aliyekaa na mwanawe jioni wakiwa na rula moja anaweza kuufuata vilevile. Tena yeye ana nafasi nzuri kuliko mwalimu mwenye watoto themanini.

Usiharakishe kumaliza. Hatua ya pili na ya nne kila moja inastahili kipindi kizima au zaidi. Nyingine zinapita haraka.

Vifaa, na kuvikagua kabla ya kuingia darasani

Rula za sm 30 ndizo bora. Za sm 15 zinafaa, ila mtoto atalazimika kuisogeza kila apimapo kitu kirefu kuliko hapo, na kila kusogeza ni nafasi ya kukosea. Rula moja kwa dawati inatosha: mmoja anapima, mwenzake anasoma, wa tatu anaandika, kisha wanabadilishana. Rula nyingi zimeandikwa "cm" na vitabu vyetu vinaandika "sm". Waambie mapema kwamba ni kitu kimoja.

Kama rula ni chache, toa fotokopi ya rula moja na kuikata vipande. Ila kagua kwanza. Mashine za fotokopi wakati mwingine hupunguza au kukuza picha kidogo. Lalisha rula halisi juu ya nakala, utazame kama sm 20 za karatasi zinaishia pamoja na sm 20 za plastiki. Zikipishana, hata kama ni kwa milimita mbili, usizitumie. Mtoto aliyepima sawasawa na bado akapata jibu tofauti na la mwenzake ataacha kuuamini mkono wake mwenyewe, na kumrudisha ni kazi.

Andaa pia vitu ambavyo wewe unavijua vipimo vyake bila shaka, ili uweze kusahihisha kwa kupita tu kati ya madawati. Karatasi ya A4 ina upana wa mm 210 na urefu wa mm 297. Kadi ya benki ina urefu wa mm 85 na nusu hivi kwa upana wa mm 54. Laini ya simu ya umbo kubwa, ile ya simu za tochi, ni mm 25 kwa mm 15. Kizibo cha chupa ya soda, kikiwa hakijapindishwa na kifungulio, kina kipenyo cha karibu mm 32. Ongeza njiti za kibiriti, misumari, punje za maharage, uzi, na kila kinachookoteka. Vitu hivi vipime mwenyewe nyumbani na uandike majibu pembeni mwa andalio la somo.

Hatua ya 1: Shubiri na vidole

Waache wapime dawati kwa shubiri: kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimekunjuliwa. Andika majibu ubaoni. Dawati moja litakuwa na shubiri saba kwa mtoto mmoja, nane kwa mwingine, na tano kwa mwalimu. Waulize: dawati limebadilika? Hapana. Kilichobadilika ni shubiri. Hapo hapo wataona faida ya kipimo kinachofanana Tandahimba na Tarime.

Usikae hapa muda mrefu. Dakika kumi na tano zinatosha. Lakini kabla ya kuondoka, kila mtoto atafute kwenye mwili wake sehemu iliyo karibu na sm 1 (kwa wengi ni upana wa ukucha wa kidole kidogo au cha shahada) na sehemu iliyo karibu na sm 10 (mara nyingi upana wa kiganja pamoja na gumba, au pungufu kidogo). Aziandike nyuma ya daftari. Atazitumia kukadiria, na kukadiria ndiko kutakakomzuia kuandika "sm 134" kwa penseli.

Hatua ya 2: Sifuri ya rula

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayozaa makosa mengi. Chukua rula ya plastiki uitazame vizuri upande wa kushoto. Nyingi hazianzi kupima kwenye ncha. Kuna kipande kitupu cha milimita kadhaa, ndipo unafika kwenye mstari wa sifuri. Rula nyingine, hasa zile za mbao za mita moja zinazotumika ubaoni, huanzia kwenye ncha kabisa. Mtoto aliyezoea aina moja akipewa nyingine atakosea kila kipimo kwa kiasi kilekile.

Kwa hiyo swali la kwanza la somo liwe: "Sifuri ya rula yako iko wapi?" Kila mtoto aiweke kidole. Pita uone. Watakaoweka kidole kwenye 1 hawatakosekana, na wana sababu yao: tangu chekechea wamehesabu kuanzia moja.

Usiwakemee. Wape kipande cha karatasi ulichokikata sm 1 sawasawa. Wakiweke kati ya sifuri na 1. Kimeenea. Wakiweke kati ya 1 na 2. Kimeenea pia. Sasa uliza: sentimita ya kwanza iko wapi? Ni ile nafasi iliyo kati ya sifuri na 1, na namba 1 imeandikwa pale nafasi hiyo inapokwisha. Rula huhesabu nafasi, wala haihesabu mistari. Wachukue vipande vitano vya namna hiyo, wavipange mkia kwa kichwa kuanzia sifuri, waone cha tano kinaishia kwenye 5.

Kisha toa rula zilizovunjika. Kila shule inazo, na ni vifaa bora kuliko rula nzima. Mpe mtoto kipande kinachoanzia 4 na kuishia 17, umwambie apime njiti ya kibiriti au kalamu. Mazungumzo huwa hivi:

"Mwalimu, hii haina mwanzo."

"Kalamu yako inaanzia wapi?"

"Kwenye nne."

"Inaishia wapi?"

"Kwenye kumi na nane… hapana, imepita. Haitoshi."

"Tafuta kitu kifupi."

Anachukua chaki, inaanzia 4 na kuishia 11. Wengi watasema sm 11. Wengine watahesabu mistari kwa kidole, nne, tano, sita, mpaka kumi na moja, na watasema sm 8. Waache wabishane, kisha wavitandaze vile vipande vya sm 1 juu ya chaki. Ni saba. Kuanzia siku hiyo 11 kutoa 4 ina maana kwao, na kosa la kuanzia kwenye 1 halitawasumbua tena, kwa sababu watajua kutoa kilichotangulia.

Hatua ya 3: Kusoma milimita

Kati ya sentimita na sentimita kuna nafasi ndogo 10. Mstari wa katikati, ule wa tano, umerefushwa kidogo ili jicho lipumzike pale. Wafundishe kuutumia: badala ya kuhesabu vijistari saba kutoka mwanzo, mtoto aruke mpaka wa tano, aongeze viwili. Akizidi tano sana, aanze kutoka sentimita inayofuata na kurudi nyuma. Kwa njia hii mm 9 ni moja nyuma ya kumi.

Mambo mawili ya mkono na jicho. Jicho liwe juu ya alama moja kwa moja. Ukitazama kwa upande, hasa kwa rula nene ya mbao, utasoma pungufu au zaidi kwa milimita moja au mbili. Dawa ya rula nene ni kuisimamisha kwa ubavu wake ili alama ziguse kitu kinachopimwa. La pili, kitu kilichopinda kinyooshwe au kipimwe kwa uzi: zungusha uzi, utie alama, unyooshe juu ya rula. Mzingo wa kile kizibo cha soda utakuja karibu na sm 10, jambo ambalo huwashangaza watoto, maana kizibo chenyewe kinaonekana kidogo.

Ncha ikiangukia kati ya milimita mbili, achukue iliyo karibu. Usiruhusu mjadala wa nusu milimita kula kipindi. Tofauti ya milimita moja kati ya watoto wawili ni kawaida. Tofauti ya kumi ina maana kuna aliyeanza pabaya.

Hatua ya 4: Kitu kilekile, vizio viwili

Hapa ndipo kubadili kunapozaliwa. Chora jedwali la safu tatu: jina la kitu, urefu kwa milimita peke yake, urefu kwa sentimita na milimita. Dawati moja lijaze safu ya milimita tu, dawati la jirani lijaze safu ya sentimita na milimita kwa vitu vilevile, bila kuoneshana. Kisha wakutanishwe.

Kadi ya benki: hawa wana mm 54, wale wana sm 5 mm 4. Upana wa A4: mm 210, sm 21 mm 0. Urefu wake: mm 297, sm 29 mm 7. Laini ya simu: mm 25, sm 2 mm 5. Usiseme neno. Waache wakodolee macho majedwali mawili. Darasani hakosi mmoja wa kusema, "Ni namba zilezile!" Ndipo uulize: kwa nini? Kwa sababu kila milimita kumi zimefungwa zikawa sentimita moja, na zilizobaki bila kutimia kumi zimeachwa kama milimita.

Wakishaona hivyo, wape mfano wa chenji, maana watoto wetu wanatumwa dukani kila siku. Noti ya shilingi elfu moja ukiichenji kwa sarafu za mia unapata sarafu 10. Thamani haijaongezeka, ila mfuko umejaa. Sentimita ukiichenji kwa milimita ni hivyo hivyo: kizio kimekuwa kidogo, basi idadi imekuwa kubwa. Ukirudisha sarafu upewe noti, idadi inapungua. Mtoto akisahau kama azidishe au agawanye, asikumbuke kanuni, ajiulize tu, "Nakwenda kwenye kizio kidogo au kikubwa? Idadi itaongezeka au itapungua?"

Nasisitiza hili kwa sababu ile ngazi maarufu ya km, hm, dam, m, dm, sm, mm, inayochorwa ubaoni na mishale ya kupanda na kushuka, huwa inafundishwa mapema mno. Inafaa kama kumbukumbu kwa mtoto aliyeelewa. Kwa asiyeelewa ni ngazi ya kuanguka: anahesabu vidato vibaya na hana njia ya kujua kuwa amekosea. Na sijasikia fundi akiagiza hektomita ya kitu chochote.

Mazoezi ya hatua hii yawe mafupi na ya pande zote mbili: sm 8 ni mm ngapi, sm 8 mm 3 ni mm ngapi, mm 46 ni sm ngapi na mm ngapi, mm 120, mm 7. Hilo la mwisho ni mtego mzuri. Jibu ni sm 0 mm 7, na mtoto atakayeandika sm 70 umemjua anapokwama.

Hatua ya 5: Kutengeneza mita

Mita ikinunuliwa dukani haifundishi kama mita iliyotengenezwa. Kila kikundi kikate kutoka kwenye karatasi za A4 vipande vinne vyenye upana wa sm 3. Vitatu viwe na urefu wa sm 27, cha nne sm 25. Kwenye vile vitatu, piga mstari sm 2 kabla ya mwisho. Hapo ndipo pa kupaka gundi. Bandika cha pili juu ya eneo hilo la cha kwanza, mwanzo wake ukigusa mstari, na kuendelea hivyo. Ukimaliza una utepe wa sm 100 kamili. Waulize kwa nini si 106, maana 27 mara tatu kujumlisha 25 ni 106. Zile sm 6 zimeliwa na gundi kwenye viungo vitatu.

Watie alama kila sm 10 kwa wino mzito, kila sm 1 kwa penseli. Milimita waweke kwenye sm 10 za kwanza tu, wasije wakachoka. Kisha walinganishe utepe wao na rula ya ubaoni. Ukipishana kwa sm 1, watafute kiungo kilichoteleza. Kutafuta kosa kwenye kitu walichokitengeneza wenyewe huwafundisha usahihi zaidi ya hotuba yoyote.

Utepe huu upime mlango, ubao, kimo cha rafiki. Kimo ni kizuri kwa kuwa kinapita mita moja: mtoto wa miaka tisa anaweza kuwa na m 1 sm 28, yaani sm 128.

Hatua ya 6: Sifuri inayopotea

Mwambie mtoto aandike m 3 sm 45 kwa sentimita. Ataandika 345, na kwa kuwa ni sawa, hutajua kwamba amebandika tu namba mbili pamoja. Mwambie sasa aandike m 3 sm 5. Ataandika 35.

Hili ndilo kosa ninaloliona sana kwenye madaftari, na linafika hadi darasa la saba. Chanzo chake ni ile hatua ya nne: kwenye sentimita na milimita, kubandika namba kulifanya kazi, kwa sababu milimita zilizobaki hazizidi 9 na zinakaa kwenye tarakimu moja. Kwenye mita na sentimita, zinazobaki zinaweza kufika 99, kwa hiyo nafasi zake ni mbili, na nafasi tupu lazima ijazwe sifuri.

Usiwape kanuni ya "weka sifuri". Chukua tepe tatu za mita walizotengeneza, zitandaze sakafuni mkia kwa kichwa, uongeze kipande cha sm 5. Uliza: sm 35 ingefika wapi? Watoto watakimbia kuonesha, hata nusu ya utepe wa kwanza haijafika. Kisha waandike kwa urefu: mita 3 ni sm 300, jumlisha sm 5, ni sm 305. Waandike hivyo mpaka wenyewe waombe njia ya mkato.

Kurudi nyuma kuna mtego wake. sm 407 ni m 4 sm 7, na sm 470 ni m 4 sm 70. Weka hizi mbili pamoja kila mara. Na m 1 ni mm 1,000, kwa sababu kila moja ya zile sm 100 ina mm 10. Lakini kwa vitu vya darasani hawatahitaji sana kuruka moja kwa moja kutoka mita hadi milimita.

Hatua ya 7: Kujumlisha na kutoa

Kabla ya kupanga namba, andika juu ya kila safu idadi inayotimiza kizio kinachofuata: 100 juu ya sm zikiwa chini ya mita, 10 juu ya mm zikiwa chini ya sentimita.

  m    sm
  3    45
+ 2    80
---------
  6    25

Arobaini na tano na themanini ni 125. Mia imetimia, inakwenda kuwa mita 1, zinabaki sm 25. Mtoto aliyezoea kubeba kila anapofika kumi atapata majibu ya ajabu akipeleka mazoea hayo kwenye mita na sentimita bila kufikiri, au atasahau kubeba kabisa na kuandika m 5 sm 125. Hilo la pili si kosa la urefu. Ni urefu uleule ulioandikwa vibaya. Mpe haki yake, kisha mwambie achenji.

Kwa milimita: sm 6 mm 7 jumlisha sm 2 mm 8 ni sm 9 mm 5. Na kutoa: m 4 sm 20 toa m 1 sm 65. Ishirini haitoshi kutoa 65, azima mita 1, iwe sm 120, baki ni sm 55. Mita 3 toa 1 ni 2. Jibu m 2 sm 55. Njia ya kuhakiki ni kubadili zote kuwa sentimita: 420 toa 165 ni 255. Mimi huwaruhusu watoto dhaifu watumie njia hii ya pili siku zote. Ni ndefu kidogo lakini haiwaangushi.

Nukta ya desimali ije baada ya haya yote. sm 5 mm 4 ni sm 5.4, kwa sababu milimita ni sehemu ya kumi ya sentimita. m 3 sm 5 ni m 3.05, na ile sifuri iliyopotea inarudi tena hapa; aliyeielewa sakafuni hataandika 3.5.

Nje ya darasa

Fundi wa pikipiki ni mwalimu mzuri wa milimita. Spana zake zimeandikwa namba, 8, 10, 12, 14, 17, na namba hizo ni milimita: umbali kati ya bapa mbili za nati zinazotazamana. Mwombe akuazime spana chache na nati zake. Mtoto apime nati kwa rula, abashiri spana, kisha ajaribu. Atakayepima kutoka kona hadi kona badala ya bapa hadi bapa atapata karibu mm 11 na nusu kwa nati ya spana 10, ataiomba ya 12, na itacheza kwenye nati. Hakuna haja ya alama ya vema wala kosa. Spana yenyewe imesahihisha. Mafundi ujenzi nao wanataja nondo kwa unene wake, mm 8, mm 10, mm 12, mm 16, ingawa nondo yenye mbavu ni ngumu kuipima kwa rula.

Kwenye bustani ya shule, mahindi hupandwa mara nyingi kwa nafasi ya sm 75 kati ya mstari na mstari, na sm 30 kati ya shimo na shimo. Wafunge mafundo kwenye kamba kila sm 30. Mstari wa m 6 una mashimo mangapi? m 6 ni sm 600, gawa kwa 30 ni 20. Wakishachimba watahesabu mashimo 21. Ni lile jambo la rula tena: nafasi 20, alama 21.

Msimu wa mvua, weka nje kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako vikilingana upana. Asubuhi tumbukiza rula. Watabiri wa hali ya hewa wanaposema milimita 50 za mvua, maana yake ni maji ya kina cha sm 5 kwenye kopo kama hilo. Kumbuka kile kipande kitupu kabla ya sifuri ya rula. Kiongeze kwenye kipimo.

Nyumbani mtoto atakutana na inchi. Misumari, mabomba ya maji na mbao bado vinauzwa hivyo, na fundi cherehani anapima kiuno kwa inchi. Inchi 1 ni mm 25.4 kamili. Usiiingize kwenye somo la kubadili mpaka milimita zimekaa, lakini usimkataze mtoto anayeuliza. Mwoneshe futikamba: kwenye nzuri, sm 150 inaangukia kidogo tu baada ya inchi 59. Futikamba ya kitambaa iliyotumika muda mrefu huvutika, kwa hiyo ikague kwa rula. Na akikuuliza kwa nini kile kindoano cha futi ya chuma ya seremala kinalegea, mwambie kimelegezwa makusudi. Kinasogea kwa unene wake chenyewe, ili kipimo kiwe sawa ukikining'iniza nje ya ubao au ukikisukuma ukutani kwa ndani.

Kujua kama wameelewa

Maswali ya "sm 7 = mm __" hayatakuambia kitu. Uliza haya.

Kalamu imewekwa juu ya rula, inaanzia sm 6 mm 5 na kuishia sm 14 mm 2. Urefu wake? Ni sm 7 mm 7. Aliyesema sm 14 mm 2 arudi kwenye rula iliyovunjika.

Kipi kirefu, mm 305 au sm 31? Anayechagua mm 305 anaitazama namba bila kizio chake. Apime tena vitu kwa vizio viwili, hatua ya nne.

Panga pamoja zinazolingana: m 1 sm 8, sm 180, m 1.8, mm 1,080. Ya kwanza na ya mwisho ni sm 108, mbili za katikati ni sm 180. Ukiona m 1 sm 8 imewekwa na m 1.8, tandazeni tena tepe sakafuni.

Kwenye kliniki, utepe wa kupima mzingo wa mkono wa mtoto wa umri wa miezi 6 hadi 59 ni mwekundu chini ya mm 115, wa njano kati ya mm 115 na 125, wa kijani juu ya hapo. Muuguzi ameandika sm 12. Ni rangi gani? Ni njano, kwa sababu sm 12 ni mm 120. Atakayejibu nyekundu ameona 12 kuwa ndogo kuliko 115.

Na hili bila rula: mwanafunzi ameandika kwamba dawati lake lina urefu wa mm 12. Andika kipimo alichokusudia. Kubali sm 120, kubali m 1 sm 20, kubali na mm 1,200, ilimradi atoke mbele, anyooshe mikono, aoneshe ni urefu kiasi gani.